Uzoefu wangu na gereji ya Light Industries: nyota mbili, au labda moja

"Mama, mwambie mzee wako aje tuongee." Ndivyo nilivyopokelewa na fundi mkuu wa gereji moja huko Kariobangi Light Industries, Nairobi, kabla hata hajafungua boneti. Logibuku ya gari ina jina langu. Viazi ninavyopeleka soko la Wakulima ni vyangu. Na hiyo pikapu, Datsun 1200, nilianza kumshikia spana marehemu baba akiitengeneza nikiwa bado na sare ya shule.

Shida yenyewe: nikikanyaga mafuta kupanda mlima, inapiga risasi kupitia kabureta, ile inayochanganya petroli na hewa. Pale Jogoo Road ililia paa! hadi makanga wa matatu ya kando akajitupa ndani na kuacha mlango wazi. Usichanganye na ule mlio wa ekzosi. Huu unatokea chini ya boneti, na ukiwa umetoa ea klina, ile ya kuchuja hewa, unauona ulimi wa moto, kwa hivyo usiinamishe uso hapo.

Basi bwana mkubwa akasikiliza kidogo, akatoa hukumu. Kabureta imekufa, kwa sababu Nairobi iko juu na hewa ni nyepesi. Nunua nyingine.

Hapo ndipo nilipochemka. Kwamba tuko karibu mita 1,700 juu ya bahari, kweli. Kwamba hewa ni nyepesi, kweli. Lakini hewa ikiwa nyepesi, kinachozidi ni petroli: gari linatoa moshi mweusi na kunywa mafuta ovyo. Kupiga kupitia kabureta mara nyingi ni kinyume chake, petroli ni kidogo na hewa imezidi. Mchanganyiko wa hivyo unaungua polepole mno, valvu ya kuingiza inafunguka tena na moto bado unawaka ndani, nao unarudi juu kwa njia ya petroli. Gari lililotegewa Nairobi ndilo linaweza kuugua hivyo likishushwa Mombasa bila kuguswa. Nikamweleza. Akanijibu, "Mama, wewe ni fundi ama ni mteja?" Vijana wake wakacheka.

Nikaingia kwenye pikapu, nikavuta choki kidogo, nikakanyaga mafuta. Kimya. Nikarudisha choki, nikakanyaga. Paa! Choki inabana hewa, kwa hivyo jibu lilikuwa pale pale mbele yake: ama petroli haifiki ya kutosha, ama kuna mahali hewa inaingia kwa wizi. Alikuwa anabonyeza simu.

Kufupisha, kabureta ya kwangu ilishafunguliwa na nilikuwa na mzigo wa kesho yake, nikanunua nyingine Kirinyaga Road, ya mtumba. Akaifunga juu ya gasketi, ile ya kuziba mwanya chini yake, ile ile kuukuu. Ile ile! Ikaendelea kupiga. Akageukia taimingi, yaani wakati wa cheche kuwaka, akazungusha distributa inayogawa umeme kwa plagi, akachomoa waya za plagi na kuzirudisha mbili zikiwa zimebadilishana. Silinda za injini hii zinawaka kwa mpangilio wa 1-3-4-2, na ukikosea hapo moto unakuja valvu ikiwa wazi, ndiyo maana ilipiga vibaya kuliko mwanzo.

Aliyeniokoa ni kijana wa kuosha vipuri. Bosi alipoenda chai alikuja polepole, "Samahani mathe, naomba niangalie." Akarudisha waya mahali pake, akatoboa kifuniko cha chupa ya maji, na injini ikinguruma akadondosha matone kuzunguka kitako cha kabureta. Upande wa ndani, usioonekana vizuri, maji yakafyonzwa na mlio wa injini ukabadilika. Kile kipande kigumu cha kuzuia joto, kati ya kabureta na manifoldi, yale mabomba ya kuingiza mchanganyiko kwenye injini, kilikuwa kimepinda na gasketi imepasuka. Akakisugua juu ya kioo kwa msasa mpaka kikalala sawa, akakata gasketi mpya, akakaza nati kidogo kidogo kwa kupishanisha. Pikapu ikatulia. Ningekuwa na uwezo ningempa yule kijana gereji nzima.

Kwa ajili yake nilitaka kuweka nyota nne, wallahi. Kisha ikaja bili: kufunga kabureta, kuweka taimingi, na "uchunguzi". Ya kijana haikuwemo, nikampa ya soda pembeni. Basi tatu. Hapana, mbili.

Kama yako haibadiliki ukivuta choki, angalia taimingi, waya za plagi, na kama tapeti, zile za kusukuma valvu, zimebanwa mpaka valvu ya kuingiza haifungi vizuri. Ikikohoa tu unapokanyaga kwa ghafla, shuku ile pampu ndogo ya kabureta. Usikubali kununua chochote kabla ya hapo.

Juzi nimerudi kuchukua kabureta yangu ya zamani, ambayo haikuwa na ubaya wowote. Wanasema imepotea. Imepotea wapi, ina miguu? Nyota moja. Nikiikuta kwenye meza ya mtu Kirinyaga Road nitaijua, baba aliikwaruza herufi mbili za jina lake ubavuni kwa msumari.