Kadi 83 za tunu: zinamfaa aliyestaafu, aliyeachika au aliyefiwa?

Ukistaafu, ukiachika, ukifiwa na mwenzi au ukipunguzwa kazini, hutakosa vitu vya kununua vinavyoahidi kukurudishia nafsi yako. Madaftari ya maswali yaliyochapwa tayari mengi huishia kurasa za mwanzo. Majaribio ya haiba yanayokupachika herufi nne hukueleza ulivyo siku zote, na mtu aliyeondokewa na nusu ya maisha yake hakuuliza hilo. Kadi za tunu, yaani kadi zenye mambo ambayo mtu huyathamini, anazozipanga kwa umuhimu wake kwake, ndizo zinazostahili nafasi mezani. Tunayoipima hapa ni seti ya mwaka 2001 ya mwanasaikolojia William R. Miller na wenzake wa Chuo Kikuu cha New Mexico. Ina kadi 83, kila moja ikiwa na jina la tunu na maelezo mafupi chini yake, pamoja na kadi tatu za vichwa: "Si muhimu kwangu", "Muhimu kwangu" na "Muhimu sana kwangu".

Bei yake ni bure. Watunzi wameiachia umma, na yeyote anaweza kuinakili, kuirekebisha na kuitumia bila kuomba kibali. Anayekuuzia boksi lenye picha za machweo anakuuzia boksi na machweo.

Kuichapa si kazi. Karatasi ya A4 ukiigawa sehemu tisa unapata kadi za milimita 70 kwa 99. Kadi 83, vichwa vitatu na kadi nne tupu hufanya 90, yaani karatasi kumi kamili. Chagua karatasi ya gramu 160 hadi 200; ile ya kawaida ya gramu 80 huonyesha maandishi upande wa pili na hukunjika mapema. Usizitie plastiki ya kung'aa, maana zitateleza mezani na mwanga wa taa utafuta maandishi. Herufi ziwe za saizi 14 au zaidi, kwa kuwa wastaafu wengi watazisoma kwa miwani. Seti asili ni ya Kiingereza. Anayeitafsiri aanze na maelezo, jina la tunu lije baadaye.

Zinasaidia kwa sababu cheo au nafasi ya mtu huwa imebeba mambo mengi kwa pamoja. Mwalimu mkuu akistaafu, mshahara ni sehemu tu ya kilichoondoka. Ameondokewa pia na ratiba, na heshima ya kuamkiwa, na matatizo ya kutatua kila asubuhi, na vijana wa kuwafundisha. Ndugu humwambia "tafuta cha kufanya", naye hutafuta, ila hajui ni kipi kati ya hivyo kinachomuuma. Kadi humlazimisha avitenganishe.

Lakini usianze na kadi. Anza na zoezi la kauli ishirini la wanasosholojia Manford Kuhn na Thomas McPartland, la mwaka 1954: jibu swali "Mimi ni nani?" mara ishirini ndani ya dakika 12. Andika haraka, bila kupanga. Ukimaliza, kata kila kauli iliyokufa pamoja na mabadiliko yako, kisha pembeni yake andika ilikuwa inakupa nini. Muuguzi aliyestaafu anakata "Mimi ni muuguzi wa zamu ya usiku", na pembeni anaandika "wenye hofu walinihitaji". Katika kadi zote 83 hakuna inayosema hivyo. Utumishi upo, kutegemeka kupo, ila kuhitajiwa hakupo. Kadi tupu zimewekwa kwa ajili ya jambo kama hilo, na anayeziruka ameiacha sehemu bora ya zoezi.

Sasa changa kadi zote na upange vile vichwa vitatu. Kila kadi ipe sekunde kumi tu, kisha iangushe kwenye fungu lake. Dakika 20 hadi 30 zinatosha. Hapa watu wengi hukwama: fungu la "Muhimu sana" huvimba likafika kadi hamsini, kwani nani ataikataa haki au afya? Lengo ni kubaki na kumi, kwa hiyo zishindanishe mbili mbili na ujiulize: ningelazimika kuishi mwaka mzima bila mojawapo, ningeiacha ipi? Swali hilo huuma, na linapaswa kuuma.

Kasoro kubwa ya seti yenyewe ni kadi zinazofanana mno. Kujali, huruma, ukarimu, kusaidia, kulea na utumishi, zote sita ni jamaa. Mtu mwema ataziweka zote kwenye kumi bora, na zitabaki nafasi nne tu kwa maisha yake mengine yote. Zifunge sita hizo kwa mpira mmoja na uzihesabu kuwa kadi moja.

Kasoro ya pili ni ya mtumiaji. Kadi za mamlaka, umaarufu na utajiri hutupwa "Si muhimu" kwa aibu. Meneja aliyeachia ofisi mara nyingi analia na mamlaka hasa, lakini hulificha hilo nyuma ya kadi ya utumishi, halafu anashangaa kazi ya kujitolea inamchosha. Panga ukiwa peke yako. Usipange mbele ya watoto wakubwa, wala mbele ya mwenzi mnayeachana.

Kwa aliyefiwa, wiki za mwanzo si wakati wake. Kadi zitakazotoka zitakuwa za marehemu. Angoja hadi usingizi na hamu ya kula virudi. Na ikiwa kila kadi inaangukia "Si muhimu" na hali hiyo inaendelea wiki hadi wiki, weka kadi kando umwone daktari au mshauri nasaha.

Ukishachagua tano za juu kati ya kumi hizo, fungua ratiba na matumizi ya fedha ya wiki mbili zilizopita. Tafuta kila kadi imepewa saa ngapi na imelipiwa nini. Isiyo na chochote, irudishe kwenye zile kauli ulizozikata. Ukiikuta huko, ni kitu ulichokuwa nacho kikaondoka na kazi au ndoa, nacho kinahitaji mahali papya. Usipoikuta, huenda ni tamaa tu. Ijaribu kwa jambo dogo la saa mbili kwa wiki kabla ya kuijengea maisha.

Programu za simu za kupanga tunu tunazipa alama ya chini. Kwenye skrini unaona kadi moja moja huku mafungu yamefichika, kwa hiyo kulinganisha kunakufa.

Piga picha kadi kumi zako, uandike tarehe, kisha upange tena baada ya miezi mitatu bila kuitazama picha kwanza. Kadi mbili tatu zikibadilika ni kawaida. Zikibadilika saba au nane, kuuza nyumba, kuhama au kufungua biashara kungoje upangaji wa tatu.