Terminator: Dark Fate: adui asiye na mipaka hatishi

Stelingi hafi. Sheria hiyo anaijua kila aliyewahi kubanana kwenye benchi la kibanda cha video, na Terminator: Dark Fate (2019) inaivunja ndani ya dakika chache za mwanzo. John Connor, kijana ambaye mama yake, Sarah, alipigana filamu mbili nzima ili abaki hai, anauawa kwa risasi kwenye baa ya ufukweni huko Guatemala mwaka 1998. Anayemuua ni mashine yenye umbo la binadamu, iliyotumwa kutoka wakati ujao, na ina sura ileile ya Arnold Schwarzenegger iliyomlinda katika filamu ya 1991. Wengi waliikataa filamu hapohapo. Mimi nimeitazama mara tatu, ya mwisho baada ya kurudia ile ya 1984 na ile ya 1991 mfululizo, na bado naamini kifo kile siyo kilichoiharibu.

Haizifikii mbili za kwanza. Inazizidi tatu zilizotoka katikati, za 2003, 2009 na 2015, ambazo hadithi yake inazipuuza kana kwamba hazikuwahi kutokea. James Cameron, aliyeongoza mbili za kwanza, safari hii ni mtayarishaji na mmoja wa waliotunga hadithi. Aliyeongoza ni Tim Miller. Pengo lililobaki kati yake na zile za zamani linatokana na adui.

Katika zile mbili, mtazamaji anajua mashine inaweza nini na haiwezi nini. Ile ya 1984 ilitengenezwa kwa takriban dola milioni 6.4, fedha kidogo sana kwa kazi kama hiyo. Kuna tukio ambalo mashine imejeruhiwa na imejifungia chumbani. Inachana ngozi ya mkono wake, tunaona vyuma ndani vikicheza vidole vinapojikunja, kisha inalitoa jicho lililoharibika, inalidondosha kwenye sinki na kuvaa miwani ya jua. Baadaye mtu anagonga mlango akiuliza kuhusu harufu, kwa sababu nyama iliyoifunika imeanza kuoza. Tukio lile linatufundisha kwamba mashine hii ikiumia, imeumia. Tangu hapo tunaihesabia hasara zake: lori la mafuta linalipuka na ngozi yote inaungua, mguu unaanza kuburuta, bomu la bomba linaikata katikati, na kipande kilichobaki bado kinamtambalia Sarah hadi anapokiponda kwa mashine ya kiwandani. Kila hatua inapoteza kitu, na haiachi kuja. Ndiyo maana inatisha.

Ile ya 1991 ilileta adui wa chuma cha majimaji, T-1000, na hapa ilikuwa rahisi kumfanya awe na uwezo wa kila kitu. Waandishi hawakukubali. John anapouliza kwa nini isijigeuze bomu, anaambiwa haiwezi kuwa kitu chenye kemikali na vipuri vinavyozunguka. Inaweza visu na vitu vya kuchoma. Halafu tunaoneshwa. Hospitalini Pescadero inapita katikati ya nondo za geti kama uji mzito, uso unajigawa na kujiunga upande wa pili, kisha mkono unakwama ghafla: bastola ni chuma cha kawaida, haiwezi kupita. Inabidi aigeuze ubavu ndipo itoke. Ni sekunde chache tu, na sauti ya mwili kupita kwenye nondo zile mbunifu wa sauti Gary Rydstrom aliipata kutokana na chakula cha mbwa kinachotoka kwenye kopo. Bastola ile iliyokwama inakueleza zaidi kuhusu adui huyu kuliko mazungumzo ya dakika kumi.

Sasa njoo kwa Rev-9 wa Dark Fate. Ana mifupa ya chuma kama yule wa 1984 na juu yake chuma cha majimaji kama yule wa 1991, na sehemu hizo mbili zinaweza kuachana zikapigana kama maadui wawili. Anaingia kwenye kamera za barabarani na mitandao ya kompyuta. Kwenye karatasi ni wazo zuri. Tena Gabriel Luna analicheza vizuri: anatabasamu, anatania na askari wa mpakani, anakubalika kokote anakoingia. Lakini hajawekewa bei ya kulipa. Akilipuliwa, anajikusanya. Akitobolewa, tobo linaziba. Hatuambiwi kugawanyika kunampunguzia nini, hivyo kila pigo analopokea linafutika kabla ya pigo linalofuata. Ukifika saa moja na nusu utajikuta umeacha kuhesabu, na mtazamaji akishaacha kuhesabu, mapigano yanabaki kuwa kelele.

Kinachoniuma ni kwamba waandishi hawa kanuni waliijua, ila waliitumia upande wa pili. Grace, anayechezwa na Mackenzie Davis, ni binadamu aliyeongezewa nguvu ili ammudu adui kwa muda mfupi tu. Anapigana dakika chache kwa kasi ya ajabu, kisha mwili unachemka na kuzimika, na asipopata dawa anakufa. Kwa hiyo wanavamia duka la dawa. Hiyo ni mipaka inayoeleweka, na kila Grace anapoanza kupigana tunajua saa yake inahesabiwa. Ni mhusika bora kabisa kati ya wote wapya walioletwa tangu 1991.

Ndiyo maana theluthi ya kwanza ya filamu ni nzuri kweli. Kuanzia kiwanda cha magari cha Mexico City, ambako Dani Ramos, binti anayewindwa na Rev-9, anafika kazini na kukuta nafasi ya kaka yake imekaliwa na mkono wa roboti, hadi barabara kuu, kila kitu kinakaa mahali pake. Adui ameshika lori zito, wakimbiaji wako kwenye pikapu, na Grace anasimama nyuma akirusha nondo za ujenzi kama mikuki. Nondo zinapita kioo cha mbele na kumbana adui kwenye kiti. Hapo ndipo anagawanyika kwa mara ya kwanza: mifupa inabaki kwenye usukani, chuma cha majimaji kinaruka kuwafuata. Ni tukio lililopangwa kwa akili, kwa sababu uwezo mpya unaoneshwa wakati ule ule tunapodhani amekwama. Kisha Sarah Connor anashuka garini pale darajani na silaha zake, na Linda Hamilton, ambaye hakuwa ameonekana kwenye filamu za Terminator za mfululizo huu tangu 1991, anaichukua filamu nzima mikononi mwake.

Baada ya Texas mambo yanalegea. Mapambano ndani ya ndege ya mizigo ya C-5, ambayo adui anaivamia kwa ndege ya kujazia mafuta, yametengenezwa karibu yote kwa kompyuta, na inaonekana. Miili inagongana na kudunda kama mipira, kamera inapita mahali ambapo kamera haiwezi kupita, giza ni jingi na hujui nani yuko wapi. Wanapewa silaha maalumu ya kuunguza umeme wa adui, na inaharibiwa kwa risasi kabla haijatumika. Yaani kifaa pekee ambacho kingempa Rev-9 mipaka kinatupwa. Linganisha na 1991: lori linaloruka kuingia kwenye mfereji ni lori la kweli, na helikopta inayopita chini ya daraja ilirushwa kweli na rubani Chuck Tamburro. Jicho la mtazamaji linajua uzito wa chuma hata kama mwenyewe hajui kwa nini.

Bwawani, mwisho kabisa, filamu inajirekebisha kidogo: mtambo wa kufua umeme unamtafuna adui, na kinachommaliza kinatoka ndani ya mwili wa Grace. Laiti wangetuandalia hilo mapema zaidi.

Kuhusu Schwarzenegger, maoni yamegawanyika. Hapa ni mashine iliyomaliza kazi yake, ikabaki bila amri, ikaanza kuishi na mama na mtoto wake, ikajiita Carl na kufungua biashara ya mapazia. Anaeleza kwa uzito wote jinsi alivyomzuia mteja asiweke mapazia ya rangi moja kwenye chumba cha binti yake. Wapo waliochukizwa. Mimi naona ni mwendelezo wa haki wa swali la 1991, kama mashine inaweza kujifunza thamani ya uhai, na linajibiwa na muuaji yule yule wa John.

Kama unataka kuihukumu kwa haki, fuata mpangilio huu: ya 1984 (dakika 107), ya 1991 (dakika 137), kisha hii (dakika 128). Jumla ni saa sita na dakika 12, zinatosha Jumamosi moja. Ile ya 1991 ina toleo refu pia, na nalipendekeza kwa sababu moja: baada ya T-1000 kugandishwa na kuyeyuka tena, inaonekana imeharibika, mkono unanata kwenye kizuizi cha ngazi na nyayo zinaiga sakafu. Toleo la sinema lilikata vipande hivyo. Ya 2003 unaweza kuiruka bila kupoteza hadithi, ingawa mkimbizano wa kreni na mwisho wake ni vya kuheshimiwa.

Angalia pia nakala unayoipata. Mazungumzo mengi ya mwanzo ni ya Kihispania, na nakala isiyo na maandishi ya tafsiri chini ya skrini inakunyang'anya familia yote ya Dani, ambayo ndiyo sababu ya kumjali. Zile zilizotafsiriwa na madijei zina utamu wake, ila sauti ya dijei inafunika ngoma za muziki. Kwenye runinga, zima kile kipengele cha kulainisha mwendo, chagua hali ya sinema na punguza taa za sebuleni, la sivyo ndege na bwawa vitakuwa doa jeusi. Simu isahau kabisa. Na watoto wadogo wakalale kwanza. Damu ni nyingi, na risasi ya mwanzo inampiga mtoto.

Usipeleke mbele tukio la motelini. Hakuna mlipuko pale. Sarah anaeleza kwamba hakuwahi kumpiga John picha ili mashine zisimpate, na sasa ameanza kuisahau sura yake. Hamilton anasema hivyo kwa sauti kavu, bila chozi, na kifo cha mwanzo unachokidhani ni cha bure kinapata mahali pake.