Rivyu: UDP ya Mzee Cheyo, duka la Mangi ila Mangi mwenyewe Msukuma

Watu wanatoa rivyu za simu, za chipsi mayai, za mabasi ya Mwanza, ila sijaona mtu anakaa anatoa rivyu ya chama cha siasa kama huduma nyingine yoyote. Wakati tunakilipia aisee, kwa kura, kwa kusimama juani kwenye mikutano, na ruzuku nayo si kodi yetu hiyo. Basi mi mtoto wa Bariadi, kule Usukumani, nianze na cha kwetu.

Kwanza boksi lake. Nje limeandikwa United Democratic Party, chama cha Watanzania wote, kimesajiliwa 1994. Ukifungua ndani unakuta Bariadi. Sio kosa lao, sheria ya vyama ya 1992 hairuhusu chama cha wilaya, ili upate usajili wa kudumu lazima uwe na wanachama mia mbili mia mbili kutoka mikoa isiyopungua kumi na Zanzibar nayo iwemo, kwahiyo kila chama Bongo kwenye karatasi ni cha taifa hata kama mwenyekiti akipiga chafya wanaomjibu afya ni watu wa tarafa moja. Alafu kuna jambo la pili ambalo wengi wanalisahau: mgombea binafsi haruhusiwi. Marehemu Mchungaji Mtikila kapambana na hilo miaka na miaka, mpaka Mahakama ya Afrika pale Arusha ikampa ushindi 2013, na bado hakuna kilichobadilika. Sasa kama nyie wakulima wa pamba mna mtu wenu mnamkubali na hataki kuvaa kijani cha CCM mnafanyaje? Mnamtafutia chama. Hiyo ndo UDP kwa jicho langu, mgombea binafsi aliyevalishwa bendera na katiba na katibu mkuu. Ukikisoma hivyo kila kitu kwenye historia yake kinaeleweka.

Bidhaa yenyewe ni John Momose Cheyo, Bwana Mapesa. Jina lilimganda kwasababu hakuwa na mambo mengi ya ujamaa sijui ubepari, yeye alikua anasema mwananchi awe na mapesa mfukoni basi. Mnaocheka hamjawahi kulima pamba. Mwaka mzima unapalilia, unapiga dawa, unavuna, unafika kwenye mizani unaambiwa bei imeshuka, alafu mtu anapanda jukwaani anaongea mapesa kwa Kisukuma cha kwetu! Baba yangu alikua CCM damu lakini siku hiyo redio ilizimwa ili asikilize vizuri. Sisi watoto tulikua tunakimbiza gari tunapiga kelele mapesa, mapesa, hatujui hata uchaguzi ni nini. Kwa matangazo nawapa tano kwa tano, vyama vyenye ilani ya kurasa mia havijawahi kupata neno moja linalokaa mdomoni hivyo.

Uchaguzi wa 1995 duka likafunguliwa rasmi. Urais walikua wanne, Mkapa, Mrema, Lipumba na Cheyo, na mtu wetu akashika mkia kwa kura 258,734, kama asilimia 4. Unaweza ukacheka ila bungeni wakapata viti vitatu vya majimbo na kimoja cha viti maalum, chama cha mwaka mmoja na nusu jamani. 2000 wakarudi, tena wanne walewale, tena mkia, lakini kura zimepanda mpaka 342,891 na majimbo yakabaki matatu. Yani mwaka ambao Mrema alianguka kutoka milioni 1.8 mpaka laki sita na kitu, Bwana Mapesa kaongeza zaidi ya elfu themanini. Wachambuzi wa Dar walikua bize na CUF ya Lipumba na TLP ya Mrema, hili hawakuliona kabisa.

Sasa kasoro, na hapa ndo rivyu yangu inaanza kuwa chungu. Duka lina bidhaa moja. Na sheria yetu inasema anayegombea urais hawezi kugombea ubunge uchaguzi huohuo, kwahiyo bidhaa hiyo moja ukiiweka kwenye shelfu la Ikulu inatoka kwenye shelfu la jimbo. Mara mbili wameipeleka Ikulu. 2005 wakashtuka, kwenye karatasi ya urais Cheyo hayupo, kashuka kugombea Bariadi Mashariki na akashinda, ila majimbo mengine yote yakapotea, kutoka matatu hadi moja, la kwake. 2010 hivyohivyo, moja.

Tuseme ukweli hiyo moja ilifanya kazi. Kamati ya Bunge ya Hesabu za Serikali kwa kawaida anapewa mtu wa upinzani aiongoze, na mzee akaishika, chama chenye mbunge mmoja tu kinawaweka makatibu wakuu wa wizara kitimoto wajieleze hela za serikali zimeenda wapi. Mtu wa mapesa kapewa kulinda mapesa, nani angeandika mchezo mzuri kuliko huo. Huduma baada ya mauzo kwa upande wa mwenye duka iko vizuri, sina neno.

Ila warithi? Hakuna kijana aliyewekwa kaunta akazoeleka. Na 2010 hiyohiyo alama ilishaonekana, majirani zetu wa Maswa majimbo yote mawili walikwenda Chadema na Meatu nayo Chadema, maana yake watu wa ukanda huu hawakuacha kuichoka CCM, waliacha kununua kwetu. Mteja alikuepo, akavuka barabara.

Alafu 2012 Simiyu ikawa mkoa, Bariadi makao makuu, Itilima ikamegwa ikawa wilaya, watu wakaanza kuongea lami na hospitali ya mkoa na serikali ikawa karibu kuliko zamani tulipokua pembeni ya Shinyanga. Kwenye Bunge la Katiba 2014 wenzake wa upinzani walitoka wakaunda muungano wao wa UKAWA, Chadema, CUF, NCCR na NLD, UDP haikuwemo, Cheyo kama mwenyekiti wa kituo cha demokrasia TCD akawa yeye ndo anawakutanisha vyama na Rais Kikwete pale Dodoma. Mzee wa busara, sawa, ila 2015 haikua mwaka wa busara, ilikua Magufuli au Lowassa na ukiwa katikati unakanyagwa. UDP ikatoka na viti sifuri.

Na sio sisi peke yetu, nendeni Vunjo kule Uchagani mkaone kwa Mangi halisi. Mrema na TLP yake kashinda 2010 kiti kimoja, 2015 kachukuliwa na Mbatia wa NCCR, TLP sifuri. Ukizipanga hizo picha mbili utadhani ni fotokopi.

Kwahiyo unauliza kama nakushauri ununue? Kama wilaya yenu ina mtu wa namna hiyo nunueni, ila mkague kama kuna wa pili nyuma yake kabla hamjabeba, kadi moja na picha ya mwenyekiti ukutani sio stoo. Nyota tatu kati ya tano. Moja ya neno mapesa, moja ya ile kamati, na ya tatu ni ya baba yangu aliyezima redio, ambaye mpaka leo hajatuambia 1995 alimpigia nani.