TAHADHARI: anayeuza mbegu za mayungiyungi ya rangi saba ni tapeli

Wadau wa mimea ya majini someni hii kabla hamjatuma hela kwa mtu. Kuna jamaa anazunguka kwenye magrupu anauza "mbegu za yungiyungi", picha zake kali balaa, maua ya bluu ya kung'aa, meusi, mengine kila petali na rangi yake, anasema unapanda kwenye beseni na baada ya wiki mbili ua hilo. Jina la akaunti anabadilisha kila watu wakianza kulalamika kwa hiyo jina halitawasaidia, mtamjua kwa hizo picha maana anapesti zilezile.

Jamani ua la rangi saba halipo. Hiyo picha imechezewa kwenye kompyuta basi. Bluu ya kweli ipo, tena nzuri sana, ila ni ya yale mayungiyungi ya ukanda wa joto yasiyotaka baridi. Yanayovumilia barafu ni meupe, ya pinki, mekundu, ya njano, na chotara wa bluu anayestahimili baridi ni adimu mno, huyo hauzwi kwa paketi za mbegu kumi kumi!

Na hapo kwenye mbegu ndo utapeli wenyewe ulipo. Watu wanaootesha mayungiyungi wanagawana tunguu (lile shina nene la kwenye udongo linalochipua), mbegu ni nadra, kwa sababu machotara mengi hayazai mbegu na yakizaa ua linalotoka halifanani na la mama yake. Mbegu zenyewe ni ndogo, kawaida milimita chache tu, na zinatakiwa zikae kwenye maji maana nyingi zikikauka zinakufa. Sasa mimi nimeletewa mbegu nyeusi, kavu, ngumu kama risasi, zina sentimita nzima na ushee. Hiyo ni lotasi, mmea mwingine kabisa hata ukoo siyo mmoja. Ukimuuliza anakwambia kwaruza ganda uloweke, unaloweka kweli inaota, anakuuliza "si imeota?" na wengi wanaishia hapo wanampa na kamenti ya kumsifia. Ngojeni majani. Jani la yungiyungi lina mpasuko kutoka ukingoni mpaka pale kikonyo kinaposhika, la lotasi ni duara zima halina mpasuko, ya mwanzo yanaelea halafu yanayofuata yanasimama juu ya maji. Nilipomtumia picha ya majani na kumuuliza hilo swali la mpasuko, nikablokiwa.

Siku hizi ameongeza biashara, anauza "yungiyungi la kuelea la zambarau, halihitaji udongo". Hilo ni gugu maji!! Yungiyungi linashika mizizi kwenye udongo chini, kinachoelea ni majani na maua (mengine hata ua linanyanyuka juu). Gugu maji asili yake Amerika Kusini, ndilo lile lililoziba Ziwa Victoria, na nchi nyingi zimepiga marufuku kuliuza au kulifuga, kwa hiyo mnunuzi naye anaweza kuingia matatani. Sijataja bado anavyouza lile yungiyungi kubwa la Amazon "kwa ajili ya beseni", jani moja la lile linaweza kupita mita mbili kwa upana, hilo beseni sijui la nani.

Mkitaka kununua kwa yeyote yule, ombeni video ya tunguu lenyewe siyo picha ya ua. Liwe gumu, lina jicho linalochipua, lisiwe linabonyea. Likifika likiwa linanuka limeoza. Muuzaji anayejua kazi atakuuliza yeye kwanza beseni lako lina upana na kina gani, jua linapiga masaa mangapi, kwa sababu chini ya masaa sita hivi maua yanakuwa shida. Huyu hakuuliza kitu, alichouliza ni nimeshatuma au bado.

Kwa ambao tayari mna gugu maji bwawani, ling'oeni sasa hivi msingoje lichanue, linaweza kuongezeka maradufu ndani ya wiki mbili. Lianikeni juani mbali na maji mpaka likauke kabisa, mizizi yote, na msilitupe mtaroni wala mtoni hata kipande. Mwenye risiti au meseji zake azitunze, tunakusanya tuziripoti kwa pamoja.