Ripoti ya maabara: ChatGPT iandike, au ikuhoji?

Chukua jaribio la pendula la sekondari: uzi, gololi ya chuma, saa ya sekunde, mibembeo 20. Mwanafunzi ana njia mbili.

Ya kwanza, anaiambia ChatGPT "niandikie ripoti". Kufumba na kufumbua anapata kurasa mbili safi, na g (mchapuko wa mvutano wa dunia) ya 9.81 isiyo na doa. Asipoipa vipimo vyake, inaweza kumtungia. Kwenye vyanzo vya makosa itaweka upinzani wa hewa na makosa ya kibinadamu, maneno yanayofaa jaribio lolote duniani. Walimu wameshayachoka.

Ya pili, anaandika mwenyewe kwanza, kisha anabandika jedwali lake na kusema: "Usinirekebishie, niulize maswali." Hapa ndipo panaponoga. Grafu ya T² (T ni muda wa mbembeo mmoja) dhidi ya urefu wa pendula imekataa kupita kwenye sifuri. Akiulizwa urefu aliupimia wapi, anakumbuka: rula iliishia kwenye fundo, si katikati ya gololi. Kwa kuwa pengo ni lile lile kila safari, mwinamo wa grafu, yaani 4π²/g, hauguswi. Thamani yake ya g iko salama. Huo ndio mjadala wa matokeo, na umetoka kwenye meza yake.

Kwa kasi, ya kwanza inashinda, sibishi. Na anayehangaika na Kiingereza cha ripoti akisahihishiwa sarufi, mimi sina neno. Ila mtihani wa vitendo wa NECTA au KNEC, mabaraza ya mitihani ya Tanzania na Kenya, unafanywa bila simu.