Mlima Longonot: Ukifika ukingoni, zunguka kreta yote

Mkazi wa Nairobi akiniuliza mlima wa kwenda na kurudi siku hiyo hiyo, namwambia Longonot, kwa sharti moja: azunguke kreta yote, yaani lile shimo kubwa la volkano lililo juu ya mlima. Wengi hufika ukingoni, wakapiga picha, wakateremka. Wamelipa kiingilio kile kile, na uhondo wenyewe hawajauona.

Hifadhi ya Taifa ya Mlima Longonot iko yapata kilomita 90 kutoka mjini. Sisi tulishika barabara ya Mai Mahiu, ile inayoteremka Bonde la Ufa kupitia kanisa dogo lililojengwa na mateka wa Kiitaliano wakati wa Vita Kuu ya Pili. Kiingilio hulipwa kwa eCitizen, mtandao wa huduma za serikali ya Kenya, kwa hivyo maliza habari hiyo ukiwa nyumbani.

Kutoka langoni hadi ukingoni ni kama kilomita 3. Mwanzo ni tambarare, pundamilia na twiga wanakula kando ya njia bila kukujali, kisha mlima unaanza. Udongo ni majivu ya volkano, mwepesi na mkavu, na maji ya mvua yamechimba mifereji mirefu katikati ya njia. Ukifuatana na kundi kubwa utameza vumbi la walio mbele. Leso ya kufunika pua inasaidia sana.

Ukifika juu, ardhi inakatika ghafla mbele yako. Chini kabisa, ndani ya kuta za mawe pande zote, kuna msitu mzima wa kijani, na penye nyufa za kuta unaweza kuona mvuke ukifuka. Nilisimama pale nikasahau kiu. Mzunguko wa ukingo ni kilomita 7.2, na haufanani mahali pote. Kuna vipande vya kutembea huku mnaongea, kuna vingine vyembamba, bonde kulia, bonde kushoto, ambapo kila mtu ananyamaza na kutazama anapokanyaga. Sisi tulipinda kulia ili kilele tukimalize mapema, na naona ndio uamuzi bora: mwinuko mkali unaupanda miguu ikiwa bado na nguvu. Kileleni ni mita 2,776. Upande mmoja Ziwa Naivasha, upande mwingine Mlima Suswa, na upepo wa kukausha jasho papo hapo.

Sasa nililochukia. Kundi tuliloenda nalo lilitangaza safari hii kuwa rahisi kwa kila mtu. Si kweli, na si haki kumwambia hivyo mtu aliyelipa pesa zake. Jumla ni takriban kilomita 13, kivuli karibu hakuna, na ukishaliacha lango hakuna mahali pa kununua maji. Shangazi yangu, aliyezidi miaka hamsini, alikuwa anatembea vizuri kwa mwendo wake, lakini kiongozi aliendelea kuwahimiza watu wakimbilie basi. Ilibidi nibaki naye nyuma. Nilipomwuliza kama turudi, akasema, "Mwanangu, nimetoka Kayole, kule Nairobi, alfajiri kuja kuona mlima huu. Tutauzunguka." Tukauzunguka, pole pole, na askari wa wanyamapori tuliyekutana naye njiani akamkatia fimbo. Kiongozi wa safari anapaswa kutembea na mtu wa mwisho, basi lisubiri.

Bebeni maji lita 3 kila mtu, hata mzigo ukiwa mzito. Viatu viwe vya soli yenye meno, kwa sababu kuteremka ndiko kunakoangusha watu: majivu yanateleza kama mchanga mkavu, na magoti yanabeba kazi yote. Mwenye magoti mabovu aende na fimbo mbili. Muda mzuri, kwangu, ni baada ya mvua za masika kuisha: vumbi limetulia, msitu wa ndani umeshiba, na asubuhi bado kuna baridi ya kupandia. Ingieni lango likifunguliwa tu, maana saa sita jua la ukingoni halina huruma.