Chupa ya mpira ya maji moto: inamfaa mwanafunzi wa Njoro?

Njoro, katika Kaunti ya Nakuru nchini Kenya, iko zaidi ya mita 2,100 juu ya usawa wa bahari, na Molo iko juu zaidi. Kuanzia Juni hadi Agosti baridi ya usiku huko haina mchezo, na vyumba vingi wanavyopanga wanafunzi karibu na Chuo Kikuu cha Egerton havina dari: ni mabati juu na saruji chini. Kwa chumba kama hicho, ukishapata blanketi la pili, nunua chupa ya mpira ya maji moto ya lita 2. Huuzwa kwenye maduka ya dawa na supamaketi mjini Nakuru.

Sifa yake kubwa ni kwamba haichomi chochote chumbani. Jiko la makaa hutoa kaboni monoksidi, gesi isiyo na rangi wala harufu, ambayo hushika damu mahali pa oksijeni. Wengi huamini kwamba makaa yakishaiva na moshi ukaisha, jiko linaweza kuingizwa ndani. Hapana! Makaa mekundu yasiyo na moshi bado yanatoa gesi hiyo, na mwanya wa chini ya mlango ukizibwa kwa nguo, inajaa huku mtu amelala. Kufungua dirisha kidogo hakutoshi. Kichwa kikianza kuuma, ukaona kizunguzungu au kichefuchefu, toka nje mara moja, mtoe na mwenzako, kisha nendeni hospitali hata mkijihisi nafuu.

Hita ya umeme haina gesi hiyo, ila ya wati 2,000 hula uniti 2 kila saa. Kuchemsha maji ya kujaza chupa hakufikishi hata uniti 0.2. Isitoshe, hita ikichomekwa kwenye ekstensheni nyembamba, waya hupata moto na plagi huyeyuka.

Dukani, usikimbilie rangi ya kifuko kinachoifunika chupa. Tazama mdomo au mgongo wa chupa utafute alama ya ua lenye petali 12. Namba ya katikati ni mwaka wa kutengenezwa, petali ni miezi, na petali ya mwisho yenye nukta ndio mwezi wenyewe. Mpira huzeeka hata ukiwa rafuni, kwa hiyo chupa yenye umri wa miaka 2 iache hapo hapo. Isiyo na alama yoyote tusingeinunua. Fungua kizibo uone kama ringi yake ya mpira imekaa sawasawa, kisha kunja chupa kidogo: ikionyesha nyufa ndogo, rudisha.

Kujaza ndiko kunakoharibu chupa nyingi na kuunguza watu. Njoro maji huchemka kwenye nyuzi 93 hivi, na bado hayo ni moto kupita kiasi kwa mpira. Changanya vikombe 4 vya maji yaliyochemka na kikombe 1 cha maji baridi, kila kikombe kikiwa mililita 250. Utapata lita 1.25 za maji ya nyuzi 77 hivi, karibu theluthi mbili ya chupa. Ishike shingoni ikiwa wima juu ya beseni, mimina polepole, kisha ibonyeze taratibu mpaka maji yafike karibu na mdomo ndipo ufunge. Hewa ikibaki ndani, chupa huvimba na kizibo huanza kuvuja. Igeuze kichwa chini juu ya beseni kabla ya kuipeleka kitandani.

Iweke katikati ya kitanda dakika 20 kabla ya kulala, kisha isukume mbali na ngozi au iondoe. Ngozi inaweza kuungua kwa joto unaloliona la kawaida ikigusana nalo usiku kucha, hata juu ya soksi. Usiilalie wala kuikalia, kwa sababu uzito wa mwili ndio hupasua mishono. Mwenye kisukari aliyekufa ganzi miguuni asiitumie kabisa. Ukiungua, tia sehemu hiyo kwenye maji baridi ya mfereji yanayotiririka kwa dakika 20. Dawa ya meno usipake.

Upungufu wake ni kwamba haipashi chumba joto. Anayesoma hadi saa 6 usiku bado anahitaji sweta, soksi nzito na kofia, na chupa aiweke mapajani ikiwa ndani ya kifuko. Saruji nayo itaendelea kunyonya joto la mwili kupitia godoro lililo sakafuni, chupa iwepo isiwepo. Tandika katoni zilizokunjuliwa chini ya godoro, na uziinue asubuhi zikauke.

Asubuhi mwaga maji yote, ning'iniza chupa kichwa chini bila kizibo, mbali na jua na mafuta ya kupikia. Ukishaitumia miaka 2, nunua nyingine hata kama haivuji.